Dhamana ya Mama Mkwe

Kipolandi changu nilikiokota ujanani, kwenye mabweni ya chuo na kwenye foleni za mkate, na mpaka leo kimebaki cha foleni. Naweza kuomba chumvi, naweza kugombana na fundi wa bomba, na nilipokuwa kijana niliweza kuchumbia, maana mke niliyenaye ndiko nilikomtoa. Zaidi ya hapo sikujaliwa. Ndiyo maana mama mkwe alipokuja kuishi na sisi Birkat al Mauz, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, neno la kwanza la maana nililomwambia lilimtia jela.

Nieleze kwanza tulivyofika hapo. Nimezaliwa Unguja mjini. Baada ya mapinduzi, wakati sisi wa koo za mashamba tukiitwa makabaila hata tuliobakiwa na kitanda tu, nilipata bahati ya kupelekwa Poland kusomea maji. Nilipomaliza sikurudi. Nilikuja Oman kama walivyokuja wenzangu wengi, nikapata kazi serikalini ya kukagua aflaj, ile mifereji inayotoa maji chini ya mlima na kuyagawa mashambani kwa zamu. Nikajenga hapa, katikati ya migomba na mitende, na mke wangu akajifunza Kiswahili kwa marehemu mama yangu. Alijifunza chote, pamoja na kebehi zake.

Mama yake alikuwa kabaila wa kweli. Kwao walikuwa na nyumba yenye jina, msitu, na watu waliovua kofia gari lao la farasi lilipopita. Vita vikuu vikachukua nusu, serikali iliyofuata ikachukua iliyobaki, na nilipomjua alikuwa akiishi na mumewe katika chumba na jiko, ghorofa ya nne, akisomesha Kifaransa watoto wa watu. Siku niliyokwenda kuposa alinipokea kwa gauni lililotiwa viraka viwikoni, akanimiminia chai kwa utaratibu ule ule wa ukumbini kwao. Waswahili wanasema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Yule alikuwa amechutama miaka mingi, na mgongo wake bado umenyooka.

Mumewe alipofariki na miguu ikaanza kukataa ngazi, mke wangu akasema mama hakai peke yake tena. Nikasema ahlan wa sahlan, na nilisema kwa moyo, ingawa kwa mila zetu mkwe si mtu wa kukaa naye kitako. Mkwe unamwamkia, unampisha njia, unaondoka. Sasa huyu akawa anakula mezani kwangu na kuniuliza kama nimelala vizuri. Wiki za mwanzo nilikonda.

Ruhusa yake ya kuishi nchini niliiomba mimi, kwa hiyo kwa sheria nilikuwa kafili wake, mdhamini. Nilitaka kumtuliza roho. Nikatafuta kichwani neno la dhamana, na Kiswahili chetu kina dhamana moja yenye kazi nyingi: mtu anayesimamiwa yuko katika dhamana, kitu kinachowekwa ili ahadi itimie ni dhamana, na hata mtu akizuiliwa ili wenziwe watulie, naye ni dhamana. Kipolandi kina neno mbali kwa kila kimoja. Nikalitoa lililokuwa karibu na mdomo. Nilimwambia kwa tabasamu asiwe na wasiwasi, kwani hapa yeye ni zakładniczka wangu. Nilikusudia kusema yuko chini ya dhamana yangu. Nilichosema ni kwamba nimemshika mateka, yule anayewekwa ndani ili auawe wengine wakikosea.

Aliweka kikombe chini. Akaniuliza kama ruhusa ya kutoka uani aiombe kwangu au kwa binti yake. Nikacheka, nikamwambia kwangu, nikidhani ni utani wa kikwao.

Basi ikawa kila asubuhi anakuja mlangoni pangu, anabisha, anauliza kama anaweza kutoka. Nikaona hizo ndizo adabu za makabaila, na nilizipenda. Nilimruhusu kwa mkono tu, sultani mzima. Mke wangu alikuwa akisomesha Nizwa, mchana hayupo, kwa hiyo mambo yale yakaendelea mpaka siku moja ya mapumziko alipoyasikia kwa masikio yake. Alinivuta jikoni akanieleza nilichokisema, kwa Kiswahili cha mama yangu, na sitakirudia hapa. Nikaenda kuomba radhi. Mama mkwe akasema hapana neno, yeye ameshawahi kuwa hicho kitu, na waliomshika zamani hawakumpa maembe. Nilijua ni mzaha, lakini sikujua unatoka wapi.

Kumfungulia lango hakukumfungua. Kuanzia mwezi wa tano hapa kwetu kitasa cha gari hakishikiki, na mtu wa theluji hatoki mpaka jua lizame, na likizama ni giza. Mlima umesimama upande mmoja, ukuta wetu upande mwengine. Wanawake wa mtaani walimletea halwa na tende, wakakaa naye, wakamshika mikono, wakacheka naye bila ya lugha, wakaondoka. Nikamfundisha methali yetu ili nimchangamshe: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ningalijua nisingemfundisha. Aliichukua kwa uzito wote, na kuanzia hapo kila siku ananiuliza jembe lake liko wapi.

Tukampa vitunguu thomu amenye. Akavimaliza. Akaingia jikoni mwenyewe, akapika supu ya viazi na kabichi katika sufuria la pilau, akaanza kuipeleka kwa vibarua wa Kibangladeshi waliokuwa wakifanya kazi kwenye migomba nyuma yetu. Wale mabwana waliinywa kwa adabu, wakaitia pilipili alipogeuka. Alirudi nyumbani mwekundu, jasho linamtoka, na sijapata kumwona na furaha kama ile. Lakini mtaa una macho. Baada ya sala ya magharibi mzee mmoja alinishika bega akaniuliza kwa upole kama ni kweli mkwe wangu, bibi wa miaka ile, ninamtumikisha jua kali awapikie vibarua. Niliona haya mpaka kwenye nyayo.

Nilimkataza kwa maneno ya heshima. Akaitikia kwa maneno ya heshima. Tangu hapo akawa anakaa dirishani kwake juu, na nikipita uani nikiuona ule uso nilihisi nimemfungia ndani mara ya pili, na safari hii sikuwa na kosa la lugha la kusingizia.

Kilichokuwa kikimtia moyo ni safari ya kwao. Katika mji wao alikuwepo mwanamke mmoja ambaye miaka yote alimkatalia mlango. Mama mkwe alikuwa akienda kumbishia hodi kila mwaka alipokuwa na miguu yake, na kila mwaka mlango haukufunguliwa. Sasa yule mwanamke amezeeka naye, na kwa kupitia padri wao amepeleka salamu kwamba kiangazi hiki akija atampokea. Tiketi tukakata. Gauni la kijivu likapigwa pasi miezi kabla ya safari, likatundikwa, likapigwa pasi tena. Nilimwuliza mke wangu huyo ni nani hata mtu apige pasi hivyo. Akasema hajui, mama hasemi.

Jirani yetu wa ukuta mmoja asili yao Ibra, huku huku Oman, lakini yeye kazaliwa Shinyanga, na Kiswahili chake ni cha bara. Mtu mwema, mtu wa msikitini, tunagawana naye zamu ya maji. Alikuwa na msichana wa kazi kutoka Tanga. Msichana huyu akianika nguo kwenye paa lao alikuwa akitazamana na dirisha la mama mkwe, na kila siku alimwamkia kutoka kule juu, "Shikamoo bibi," na mama mkwe akamjibu "Marahaba," ndilo neno pekee la Kiswahili alilolitamka bila ya kulivunja. Urafiki wao wote ulikuwa ni huo.

Siku moja yule msichana hakuamkia. Alikaa juu ya paa kati ya mashuka akilia. Mama mkwe akanishukia ngazi kwa mkongojo, akataka kujua kuna nini, na sikuwa na haja ya kuuliza kwa sababu mtaa mzima ulikuwa unajua. Mama yake yule binti kule Tanga alikuwa mahututi. Msichana alikuwa ameomba ruhusa aende akamwone, arudi. Jirani alikuwa na pasipoti yake na hakutaka kuitoa. Msichana aliyemtangulia alipewa likizo akaenda moja kwa moja, na mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mke wa jirani ndiyo kwanza kajifungua. Jirani alisema kwa kila aliyemwendea: akipatikana wa kumdhamini kwamba atarudi, ataondoka kesho. Hakupatikana.

Mama mkwe akaniuliza kwa nini si mimi. Nikamwambia msichana simjui, na jirani ni jirani, nina ukuta naye na maji naye, na akitoroka nitamtazama vipi. Yote hayo yalikuwa kweli. Akaniuliza jirani ametumia neno gani hasa. Nikamwambia ndilo lile, dhamana, nililokosea mimi.

Akaniambia nikae. Nilikuwa sijapata kukaa peke yangu na mkwe wangu chumbani, na nilikaa ukingoni mwa kiti, tayari kuondoka.

Alisema Wajerumani walipouteka mji wao, nyumba yao ilichukuliwa na maafisa, na yeye na mama yake wakaachiwa vyumba viwili juu ya banda la farasi. Mumewe alikuwa mfungwa wa vita. Yeye alikuwa mdogo, umri wa binti wa chuo. Watu wazima waliobaki wakaunda kamati ya kusaidia wenye shida, na Wajerumani wakairuhusu, kwa sababu watu wenye njaa wanasumbua. Wakamweka yeye mbele, kwa kuwa alijua Kijerumani cha mayaya waliomlea, na kwa kuwa jina la ukoo wake lilikuwa bado linafungua milango. Jiko likawekwa ndani ya skuli. Walipika supu ya mizizi waliyokuwa wakilishia ng'ombe. Walitafuta maziwa ya watoto wachanga, walituma mikate gerezani. Majira ya baridi zikaja treni zimejaa watu waliofukuzwa majumbani mwao, zikawamwaga stesheni kwenye theluji, na yeye akaenda na mikokoteni kuwatafutia pa kulala.

Kila wiki alikwenda kwa afisa mkubwa wa mji kuomba: makaa, viazi, na watu waliokamatwa. Afisa alimkaribisha chai. Akiinywa, mji unasema binti wa ile nyumba anakunywa chai na Wajerumani. Asipoinywa, makaa hayatoki. Aliinywa. Alisema alikuwa akitoka pale na supu ya siku kadhaa mkononi, na watu wake mwenyewe wanatema mate akipita, kisha wanasimama foleni.

Na juu ya yote hayo kulikuwa na dhamana. Wajerumani walishika watu wenye majina, wakawaweka ghorofa ya juu ya jumba la baraza, na wakatangaza: reli ikiguswa, au askari akidhuriwa, hawa watapigwa risasi. Hawakuwa na kosa, waliwekwa ndani kwa ajili ya watu wengine. Zamu ikamfikia na yeye. Akakaa kule juu na daktari wa mji na mfanyabiashara wa mbao, wakisikiliza kila kishindo cha nje wasijue kama ni reli.

Jiko bila yeye likasimama. Watu wakajaa mbele ya skuli na vikopo vyao, wakawa hawaondoki. Mwalimu wa skuli ile, ambaye darasa lake ndilo lililokuwa jiko, akaenda kwa afisa kumwombea. Afisa alikuwa mtu wa hesabu. Akasema sawa, yule mwanamke atoke akapike, lakini nafasi yake isikae tupu. Wakamchukua mwalimu pale pale mlangoni, amesimama na kofia mkononi.

"Nilikutana naye kwenye ngazi," mama mkwe aliniambia. "Mimi nashuka, yeye anapanda. Nikasimama. Akaniambia: toka, mama, hapana neno, watu wanangoja. Nikatoka."

Haukupita muda, reli ikaguswa.

Alisema aliendelea kupika. Angefanya nini? Mke wa mwalimu hakuja tena kwenye foleni, lakini njaa haina kisirani, akamtuma binti yake mdogo. Yule mtoto alikuja kila siku na kikopo cha baba yake. Mama mkwe alimjazia kwa mkono wake. Mtoto hakusema neno, alimtazama tu usoni mpaka kikopo kijae, akaondoka. Vita vilipokwisha mji ulimpa mama mkwe maua, kisha serikali mpya ikampokonya msitu na kumwita kabaila, na yote mawili aliyaona madogo. Yule mtoto ndiye mwanamke wa mlango uliofungwa.

"Sasa nipeleke kwa jirani yako," akasema.

Nikamwambia jirani hataki maneno, anataka kitu cha kushika. Akasema anajua, na kitu anacho, kiko kabatini kwangu nilikokiweka pamoja na pasipoti yangu. Nikamkumbusha safari. Akasema hiyo pia anaijua. Nilimbishia mpaka Kipolandi kikaniishia, kisha nikambishia kwa Kiswahili, na yeye alikuwa ameshavaa viatu.

Tulikwenda baada ya alasiri. Jirani alistaajabu kumwona bibi wa Kizungu akiingia barazani, lakini mgeni ni mgeni. Akamkalisha juu ya zulia kwa mto mgongoni, akamsogezea tende, akammiminia kahawa kwa mkono wake. Mama mkwe akapokea kikombe, akakiweka mbele yake, hakukigusa. Daktari alikuwa amemkataza kahawa kwa ajili ya moyo, basi. Lakini kwa watu wa huku mgeni akiweka kikombe chini bila ya kunywa ana haja, na hanywi mpaka aambiwe haja yake imekubaliwa. Niliuona uso wa jirani ukibadilika. Ningeweza kumwambia habari ya daktari. Nikanyamaza.

"Haja yako, mama," jirani akasema.

Mama mkwe akaitoa pasipoti yake kwenye mkoba, akaiweka kando ya tende. Akanigeukia. "Mwambie mimi ni zakładniczka wake mpaka msichana arudi. Mwambie safari hii neno ni hilo hasa."

Nikafasiri. Jirani akashika kichwa. Akasema mama ni kama mama yake, pasipoti yake hawezi kuishika, watu watamwonaje, na mimi mtoto wa mjini nimemwacha mkwe wangu afanye mambo haya vipi. Alisema yote hayo akitazama kile kikombe. Mama mkwe akaniuliza anasemaje, nikamwambia anasema hawezi kuishika. Akajibu kwamba dhamana isiyoshikwa si dhamana, na kwamba yeye hana haraka.

Jirani akainuka, akaingia ndani, akarudi na pasipoti ya msichana. Ile ya mama mkwe akaitia mfukoni kwa ncha za vidole. Kisha akamwomba, karibu kwa machozi, anywe kahawa. Nikamnong'oneza mama mkwe anywe, moyo au hapana moyo. Akanywa yote.

Msichana aliondoka kesho yake. Alikuja kwetu kuaga, akabusu mkono wa mama mkwe, akasema, "Bibi, n'tarudi wallahi." Mama mkwe akamjibu marahaba.

Mke wangu hakusema nami kwa siku nyingi. Aliweka sahani mbele yangu na kuondoka. Alipozungumza aliniuliza kama mimi nina mama mwengine wa kuchezea, maana yeye anaye mmoja tu. Nilimwona mama yake akikaa dirishani akitazama paa tupu, na gauni la kijivu limetundikwa nyuma yake, na mimi nikawa nahesabu habari zinazotoka Tanga: mama wa msichana amefariki, wanazika, wanakaa matanga, njia imekatika kwa mvua, ndugu wanagombana nani alee wadogo. Kila habari ilikuwa ya kweli na kila moja ilivuta siku. Msikitini walinipa pole kwa sauti ambayo mtu humpa aliyeibiwa.

Nisimweke msomaji roho juu. Msichana alirudi. Alirudi amekonda, na kanga mpya kwa bibi, na akafanya kazi kwa jirani miaka mingine mingi, na leo ana duka lake Tanga. Lakini alirudi baada ya ndege ya mama mkwe kuondoka. Na mama mkwe hakupata kiangazi chengine. Majira ya baridi yaliyofuata moyo ulimkataa, tukamzika Maskati, kwenye makaburi ya Wakristo.

Ninalotaka kusimulia ni la kabla ya hapo, siku ile ya safari ilipokaribia na msichana hajarudi. Jirani alikuja mwenyewe kwetu, amevaa kofia na joho la sherehe, na pasipoti ndani ya kitambaa safi. Akasema amesamehe. Akasema msichana akirudi asirudi, hana daawa wala madai na mtu, mama aende kwao kwa amani. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

Mama mkwe akauliza kama msichana amerudi. Nikamwambia bado. Akasema basi, na akamrudishia jirani kile kitambaa.

Hapo nilikasirika kweli. Nilimwambia anatutesa sote kwa ajili ya neno. Nilimwambia hapa hakuna Wajerumani, hakuna reli, mwenye haki ameshasamehe, na akitoka yeye hakuna atakayeingia badala yake. "Toka, mama," nilimwambia. "Hapana neno."

Akanitazama. "Ndivyo alivyoniambia na yeye," akasema. "Hivyo hivyo."

Jirani, ambaye hakufahamu Kipolandi, aliuona uso wangu akaondoka na pasipoti mfukoni bila ya kuaga. Mke wangu akaziweka funguo mezani. Ndege ikaenda na kiti kitupu.

Siku ile ile mama mkwe aliniomba nimpigie simu yule mwanamke, nimwambie asingoje. Hakumtaka binti yake apige kwa sababu angelia, na yeye mwenyewe alisema hana haki ya kujieleza. Kwa hiyo mtu wa Kipolandi cha foleni ndiye aliyepewa kazi hiyo. Nilipiga kutoka sebuleni, na mama mkwe amekaa mbele yangu, mikono juu ya mkongojo.

Ilinijibu sauti ya kizee, kavu. Nikajitambulisha kuwa ni mkwe. Nikasema mama haji. Sauti ikasema alijua hatakuja. Nikamwomba asikate. Nikamwambia, nikichagua kila neno kama mtu anayevuka mfereji kwa mawe, kwamba mama ameshikwa dhamana kwa ajili ya msichana wa watu aliyekwenda kumzika mama yake, na msichana hajarudi.

Akauliza nani amemshika. Nikamwambia jirani. Akauliza kama jirani amemlazimisha. Nikasema hapana, mwenyewe amejitoa, na leo jirani amekuja kumfungulia akamwambia aende zake.

"Na yeye?"

"Hakutoka," nikasema.

Nilidhani simu imekatika, nikaita mara mbili. Mama mkwe alikuwa akiutazama mdomo wangu.

"Hakutoka," yule mwanamke akasema, na sikujua ananiuliza au anajiambia.

"Hakutoka, mama. Yuko hapa."

"Mwambie nimesikia," akasema. "Mwambie mlango uko wazi, na kama hawezi kuja, basi uko wazi hivyo hivyo."

Kisha akakata. Nikaweka simu, nikamweleza mama mkwe yaliyosemwa. Hakuniamini. Aliniambia Kipolandi changu anakijua, nimeshawahi kumfunga nacho, na akataka nimpe maneno ya yule mwanamke kama yalivyotoka, kwa mpango wake, bila ya kutia wala kupunguza. Nikampa. Akafumba macho akaniomba nirudie. Nikarudia polepole, neno kwa neno, mpaka aliponiambia inatosha.